Fundi Aliyekalia Barafu

Mtumbwi ulipolizunguka jabali la mwisho na kisiwa kikajitokeza chote, Paulo alitambua kwamba hajawahi kufika pale, na jambo hilo likamkera. Kwa karibu miaka ishirini alikuwa baharia kwenye meli za ziwa hili. Alikuwa amelala Kisumu, amelewa Port Bell, amepigana Bukoba na kupatanishwa Kemondo. Lakini meli kubwa hazitii nanga kwenye kambi za wavuvi, na Nyamasoha ilikuwa kambi tu: mawe ya kijivu yaliyopandana, vibanda vya mabati na nyasi chini yake, nyavu zilizoanikwa, na watu walioanza kuteremka majini kuupokea mtumbwi wasioujua.

“Hapa ni wapi, shemeji?” Josephat aliuliza. Hakuwa amefumbua macho.

“Nyamasoha.”

“Unapajua?”

“Nani asiyepajua Nyamasoha?”

Bashiru, nahodha, alicheka puani na kupunguza mwendo wa injini. Josephat akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Tangu walipoondoka soko la samaki la Mwaloni, pale Kirumba Mwanza, alikuwa ameketi juu ya sanduku lake, mikono magotini, kama mtu anayesubiri zamu yake zahanati. Hakujua kuogelea. Hakuwahi kuvuka maji yoyote mapana kuliko mfereji wa mpunga. Alikuwa amefumba macho kwa sababu aliogopa, na alilisema hilo wazi kabla hawajaondoka, mbele ya mwanamke. Paulo angekufa kabla ya kulisema.

Masanduku yalikuwa mawili. Moja alilikalia Josephat, la pili lilikuwa mbele ya miguu ya Paulo. Ndani ya kila moja kulikuwa na bonge la barafu la kiwandani, yamepimwa kwenye mzani wa samaki mpaka yakalingana, yakafunikwa, yakafungwa kamba. Yalikuwa yanapelekwa kisiwani na kurudishwa yalikotoka. Hayakuwa na kazi nyingine. Mwenye wazo hilo alikuwa amejikunja mbele ya mtumbwi chini ya kofia pana, anamenya chungwa.

Huyo alikuwa Daktari Teodora, na hakuwa daktari wa watu. Alikuwa Mhaya wa Muleba, amesoma nchi tatu, na wagonjwa wake walikuwa milima. Alichunguza barafu ile ya vileleni ambayo vitabu vya shule huiita barafuto: inavyojikusanya, inavyotembea polepole kuliko kobe, inavyokwisha. Alikuwa anataka kupanda Kilimanjaro kutoboa barafu yake, atoe vipande virefu kama mua na kuvishusha bila hata ngozi ya nje kuyeyuka. Masanduku yake maalumu kutoka ng'ambo yalikuwa yamekwama forodhani Dar es Salaam, na waliokuwa wanayashikilia hawakuelewa ni kwa nini mtu anaingiza nchini masanduku matupu. Ndipo mtu mmoja akamwambia kwamba kama ni kusafirisha barafu juani, aende Mwanza.

Hakuwa amekosea. Ilikuwa mwaka tisini na nne. Viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinaota pwani ya ziwa kimoja baada ya kingine, na kila mwenye mtumbwi wa kukusanya samaki visiwani alihitaji sanduku la barafu. Nusu ya mafundi waliokuwa wakitengeneza vitanda na majeneza walihamia kwenye masanduku. Daktari alizunguka Kirumba akiuliza, na kila alipouliza alielekezwa kwenye karakana moja nyuma ya uwanja wa mpira. Watu walisema, nenda kwa Josephat.

Hapo ndipo palipoanzia kuuma. Karakana ilikuwa ya Paulo. Alipopunguzwa kazini kwenye meli alichukua kiinua mgongo chake chote akanunua mbao, bati na paa la makuti. Ni yeye aliyemtoa Josephat Usagara, kijana mwenye msumeno mmoja na suruali mbili, aliyekuwa akitengeneza milango kwa malipo ya kuku. Ni yeye aliyempa kazi, akampa chumba, na mwisho, bila kukusudia, akampa dada. Rebeka alikuwa akileta chakula cha mchana karakana kwa ajili ya kaka yake. Baada ya miezi michache chakula kikawa kinafika kikiwa na sahani mbili, na minofu mizuri ilikuwa kwenye ile nyingine.

Paulo hakupinga ndoa ile. Ungepinga nini? Josephat hakunywa, hakupiga, hakuchelewa. Alikuwa na tabia moja tu iliyomtia Paulo wazimu: alijua kungoja. Akipaka gundi kwenye kiungo, aliondoka. Alikwenda kukaa chini ya paa na kutazama barabara, na hakurudi kugusa mpaka gundi ikauke. Paulo alikuwa hawezi. Paulo alikwenda, akabonyeza kwa kidole, akabonyeza tena, na kiungo kikakaa upande. Kwa hiyo wateja walisema nenda kwa Josephat, hata wale waliosimama mbele ya Paulo mwenyewe.

Daktari Teodora aliwaeleza haja yake wakiwa wamekaa kwenye vipande vya mbao. Alitaka sanduku moja na mtu mmoja. Sanduku la kubebwa vichwani kutoka kileleni mpaka panapofika gari, kisha mpaka kwenye chumba cha baridi uwanja wa ndege. Mtu wa kulitunza, msimu huu Kilimanjaro, msimu ujao Mlima Kenya, na baadaye Rwenzori upande wa Uganda.

Paulo alihisi kifua kinafunguka. Tangu apunguzwe kazini hajatoka nje ya Mwanza. Alikuwa anajua Kijaluo, Kiganda, Kihaya, Kikerewe, Kijita na Kisukuma cha kwao Kisesa, na lugha zote hizo zilikuwa zimebaki mdomoni kama chakula kisichomezwa. Sasa amekuja mtu na kazi iliyokatwa kwa kipimo chake. Palepale akamsalimia Daktari Kihaya. Daktari akacheka, akajibu, wakazungumza kidogo juu ya ndizi. Kisha akageuka upande wa pili.

“Na wewe fundi, unasemaje?”

“Mimi sijui mlima,” Josephat alisema. “Ila barafu naijua kidogo. Haipendi kusumbuliwa.”

Daktari alimtazama kwa muda. Paulo aliuona mtazamo huo na hakuusahau.

Ndipo wakakubaliana kila mmoja atengeneze la kwake. Josephat alitengeneza alivyozoea: mbao nje, bati ndani, na katikati pumba za mpunga zilizokaushwa na kushindiliwa. Paulo alitumia akili nyingine. Televisheni zilikuwa ndiyo kwanza zinaingia madukani, na kila moja ilikuja imeshikiliwa na vipande vyeupe, vyepesi, vinavyolia ukivisugua. Wenye maduka walivitupa. Paulo alivikusanya mtaa mzima, akavikata kwa uzi wa moto, akavipanga kati ya mbao na bati bila kuacha hata mwanya wa kiberiti. Mambo hayo alikuwa ameyaona Kisumu kwenye ghala la maziwa. Kwa mara ya kwanza hakuharakisha kiungo hata kimoja, na alijua moyoni kwamba hajawahi kutengeneza kitu kizuri kama kile.

Sharti la Daktari lilikuwa moja: kwenda kisiwani na kurudi, kifuniko kisifunguliwe mpaka yeye aseme.

Sharti dogo, ila kwa watu wa Mwaloni si dogo. Pale sokoni hakuna anayenunua alichofunikiwa. Mnunuzi hata kabla ya salamu ameinua kifuniko, ametumbukiza mkono mpaka kwapani, amegusa samaki wa chini kabisa. Asiyefungua sanduku lake anasemekana ana samaki wa juzi. Mtoto wa Kirumba hujifunza kuchungulia sanduku kabla ya kujifunza kuhesabu.

Kwa hiyo mtumbwi ulipogusa mchanga wa Nyamasoha, mikono iliyonyooshwa haikuja kushika kamba, ilikuja kushika vifuniko.

“Mmeleta barafu?” aliuliza mzee mmoja mfupi aliyevaa koti la suti bila shati. Huyo alikuwa Venant, mwenyekiti wa kambi. “Fungueni basi tuone. Sisi tumekaa hapa samaki wanaoza.”

Paulo alimjibu kwa Kijita, maneno mengi ya heshima, akamwomba radhi, akamweleza kwamba hii ni barafu ya utafiti. Venant alisikiliza, akafurahi kusikia lugha yake, na mkono wake ukaendelea kutafuta kamba.

Josephat hakuinuka.

“Wewe, inuka,” Venant alimwambia. “Mwenyekiti anataka kuona.”

“Shikamoo,” alisema Josephat.

“Marahaba. Inuka.”

“Nikiinuka nitaanguka, mzee. Miguu imekufa. Sijawahi kupanda mtumbwi.”

Kundi zima likacheka. Mmoja akamwita bibi harusi. Mwingine akauliza kama ameketishwa na gundi. Josephat alicheka nao, mikono ikiwa palepale magotini, na Venant naye akacheka mwisho, akaagiza watu wambebe pamoja na sanduku lake. Wakambeba. Alipita majini akiwa ameinuliwa juu kama mtemi, macho kayafumba tena, na Daktari Teodora akacheka mpaka akavua kofia. Paulo alibeba sanduku lake mwenyewe begani, maji yakamfika kiunoni.

Waliyaweka masanduku juani makusudi, juu ya mwamba bapa, maana huko mlimani pia kuna jua. Walipewa ugali wa muhogo na sato wa kuchemsha. Josephat alikula juu ya sanduku. Daktari akaketi chini ya mwamba karibu naye, na Paulo akaketi mahali ambapo angeweza kusikia.

“Mama,” Josephat alisema, “naomba nikuulize. Hiyo barafu ikiisha mlimani, mlima umepata hasara gani?”

Lilikuwa swali ambalo Paulo angeona aibu kuliuliza. Daktari aliacha kula.

Akawaambia kwamba sehemu nyingine hasara ni kubwa na ya ghafla. Alikuwa amefanya kazi Amerika ya Kusini, kwenye milima ambayo barafu inaporudi nyuma huacha shimo, shimo linajaa maji, linakuwa ziwa. Kinacholizuia ziwa lile si majabali kama haya ya kwenu, ni kifusi tu, changarawe na mawe yaliyosukumwa na barafu yenyewe siku ilipokuwa na nguvu. Siku moja kipande cha barafu kinabomoka kutoka juu, kinaangukia majini, wimbi linavuka, kifusi kinakatika. Bondeni kuna watu wanauza viazi. Wanasikia mngurumo, wanadhani ni gari.

“Wewe unafanya nini hapo?” Josephat akauliza.

“Napima. Nasema ziwa hili litahimili, lile halitahimili. Wakati mwingine wananisikiliza.”

“Na Kilimanjaro?”

“Kilimanjaro haina ziwa la kumwangukia mtu. Yenyewe inakwisha kimyakimya. Ila ndani ya barafu ile kuna kila mwaka wake, mmoja juu ya mwingine. Mwaka wa ukame umeacha vumbi. Kuna hata hewa, vipovu vidogo, hewa waliyoivuta watu ambao hatuwajui majina. Ikiyeyuka, hayo hayasomeki tena. Nataka niyashushe kabla hayajakwenda.”

Josephat alifikiri. “Kwa hiyo tutakuwa tumebeba miaka.”

“Ndiyo,” Daktari alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. “Tutakuwa tumebeba miaka.”

Tutakuwa. Paulo alimeza tonge la muhogo likashuka kama jiwe. Yeye ndiye aliyekuwa na maswali kumi ya maana, juu ya njia za Rwenzori, juu ya wapagazi, juu ya mpaka wa Mutukula. Alikuwa ameyapanga tangu Kirumba. Alianza la kwanza, Daktari akamjibu vizuri, kwa adabu, kama mtu anayejibu barua.

Baada ya kula Josephat aliteremka, akaomba aonyeshwe mahali pa kunawa. Daktari alikwenda kwenye kibanda cha chai na nahodha Bashiru. Masanduku yakabaki juu ya mwamba na Paulo peke yake.

Hakuwa na nia mbaya. Alitaka kujua tu. Alikaa akiyatazama masanduku, lake la vipande vyeupe na lile la Josephat la pumba, na ilikuwa kama kukaa na gundi isiyokauka. Aliligusa fundo la kamba ya Josephat. Mkono ulifanya ulichofanya kila siku Mwaloni. Kifuniko kikainuka, baridi ikampiga usoni, naye akatumbukiza mkono.

Lilikuwa linayeyuka. Chini kulikuwa na maji kufikia kiganja, na bonge lilikuwa laini pembeni kama sabuni iliyosahauliwa kwenye karai. Paulo alifunika, akafunga kamba, akavuta pumzi ndefu. Alikuwa hajapata furaha kama ile tangu kabla ya meli kumtema. Pumba zimemwangusha. Pumba za mpunga.

Furaha ile haikudumu. Kabla Josephat hajarudi alianza kuwaza kwamba pengine ameona vibaya, kwamba maji yale ni ya mwanzo tu. Akafungua tena. Na jioni, Josephat alipoitwa na wanakambi kurekebisha mlango wa kibanda, akafungua mara nyingine. Kila mara bonge lilikuwa dogo zaidi, na kila mara alitulia kwa kitambo kama mlevi aliyepata bilauri moja. La kwake hakuligusa. Hilo alilichunga. Hata nafsi yake aliinyima.

Walirudi kesho yake kwa ziwa tulivu. Mwaloni waliwakuta watu wamekwisha kusikia, wamesimama kuzunguka mzani wakiwekeana dau la soda. Rebeka naye alikuwepo, na kitenge cha kupokelea wageni. Daktari akasema, haya, fungueni.

Bonge la Josephat lilikuwa limebaki kama kichwa cha mtoto. La Paulo lilitoka kavu, na pembe zake, likatoa moshi wa baridi juani. Lilipowekwa kwenye mzani watu walipiga miluzi. Hata wenye mitumbwi wakaanza kuuliza ile nyeupe ya katikati inapatikana duka gani.

“Bwana Paulo,” Daktari alisema, akampa mkono. “Sijaona sanduku kama hili hata huko nilikosoma. Nalichukua.”

Paulo aliushika mkono ule kwa mikono yake miwili. Akamtafuta Josephat kwa macho katikati ya watu. Alitaka Josephat aone. Josephat alikuwa anapiga makofi.

“Tunaondoka lini, Daktari?”

“Alhamisi,” alisema. “Lakini nitakwenda na Josephat.”

Aliyasema hayo kwa sauti ya chini, akamvuta pembeni kwenye magunia ya dagaa ili watu wasisikie. Huo ulikuwa wema wa Daktari, na ulimuumiza Paulo zaidi.

“Niliposema sanduku moja na mtu mmoja, nilikuwa na maana hiyo. Vitu viwili.”

“Mimi ndiye ninayelijua sanduku lile.”

“Najua. Ila kule juu watu watakuwa wamechoka, kichwa kinauma, hewa haitoshi, na kuna sanduku limefungwa. Kila mmoja atataka kuhakikisha. Nahitaji mtu anayeweza kukaa juu ya kitu na asitake kukiona. Nilikuona pale mwambani, Bwana Paulo. Nilikuwa kibandani nakunywa chai. Nilikuona mchana na nikakuona jioni.”

“Nilifungua la kwake. La kwangu sikufungua.”

“Ndiyo,” Daktari alisema. “Hilo ndilo lililonifanya nifikiri sana.”

Jioni ile Paulo hakwenda nyumbani. Alikaa karakana akipiga randa ubao usiohitaji randa. Josephat akaja, akasimama mlangoni kwa muda wake uleule wa kungoja.

“Shemeji, usikasirike.”

“Nani amekasirika? Nenda kapande mlima wako. Utafumba macho mpaka kileleni.”

“Pengine,” Josephat alisema, akacheka. Akaingia, akaketi kwenye kisiki. “Nilijua unafungua.”

Randa ikasimama.

“Mimi fundo langu huwa nalielekeza kushoto. Niliporudi kunawa lilikuwa kulia. Nikasema, mwache. Akilifungua la kwangu hatalifungua la kwake. Nililiona sanduku lako tangu unalipiga misumari, shemeji. La kwangu lilikuwa limeshashindwa kabla hatujapanda mtumbwi. Nikaona afadhali moja litoke karakana yetu likiwa zima.”

“Kwa hiyo ulipokwenda kwenye ule mlango wa kibanda, jioni...”

“Ule mlango haukuwa mbovu sana,” Josephat alisema.

Paulo angependa atukanwe. Tusi angelijua la kulifanyia. Alikuwa na majibu kwa lugha saba. Alimtazama mtu huyu wa Usagara, mikono yake mipana imetulia juu ya magoti, na akaona kwamba hata ile siri yake mwambani, ile furaha yake moja chafu, ilikuwa imepangiwa nafasi na Josephat kama mtu anavyomwekea mgeni kiti.

“Sikiliza,” Josephat aliendelea. “Mimi sitaki kwenda. Naogopa. Rebeka ana mimba, hajakwambia bado. Nitamwambia Daktari naumwa tumbo. Uende wewe. Ile ni kazi yako, wewe ni mtu wa safari. Mimi nitakaa hapa na karakana.”

Ilikuwa mbele yake. Kilimanjaro, Mlima Kenya, Rwenzori. Angehitaji tu kusema haya. Daktari angekuwa amebaki na sanduku bila mtu, gari limeshapangwa, angenung'unika kisha angemchukua. Paulo aliliona hilo waziwazi. Aliona pia kila asubuhi huko mlimani akiamka na kukumbuka kwamba yupo pale kwa sababu Josephat alimpisha.

“Sichukui makombo yako,” alisema.

“Si makombo.”

“Toka, Josephat. Nina kazi.”

Josephat akangoja kidogo, kisha akatoka.

Alhamisi Landrova ya Daktari ilisimama nje ya karakana asubuhi, na nusu ya Kirumba ikasimama nayo. Sanduku la Paulo lilipakiwa nyuma, likafunikwa turubai. Paulo mwenyewe alilifunga kamba kwa mafundo ya meli, maana hakutaka aseme mtu kwamba lilifungwa vibaya. Wenye mitumbwi wawili walikuwa wamekwisha kuja kuagiza masanduku ya namna ile, akawajibu kwa mkato. Wasafiri wangepita Kisesa, kisha Musoma, kisha mpakani kwenda Nairobi na kushuka Moshi. Njia yote ile Paulo aliijua, nayo ilikuwa inakwenda kukaliwa na mtu anayefumba macho.

Josephat alivaa shati lake la kanisani na sweta jembamba la Rebeka lililombana mabegani. Aliaga watu mmoja mmoja. Alipofika kwa Paulo alishusha sauti.

“Shemeji, Daktari anasema kule usiku maji yanaganda kwenye chupa. Nimekuja kukuomba uniazime lile koti lako la meli. Lile zito la bluu.”

Koti lilikuwa limetundikwa msumarini nyuma ya mlango wa chumba cha Paulo, hatua chache kutoka pale. Lilikuwa la sufu, lina vifungo vya shaba. Mwanza hakuna siku ya kulivaa.

“Liliingia panya,” Paulo alisema. “Nililichoma.”

Josephat alimtazama. Hakukuwa na lawama usoni mwake, na Paulo aliitafuta. “Haya, shemeji,” alisema. “Mtunze dada yako.” Akapanda nyuma, akalisogeza turubai, akaketi juu ya sanduku na kuweka mikono magotini. Daktari akapunga mkono dirishani. Landrova ikaondoka, ikapita uwanja wa mpira, ikapinda kushika barabara kubwa.

Watu walitawanyika. Rebeka alibaki amesimama kando ya kaka yake, ameshika bakuli tupu la maandazi waliyofungiwa wasafiri.

“Koti nililiona Jumapili nilipokuja kufagia, kaka,” alisema. “Halina hata tundu.”

Rebeka aligeuza bakuli, akakung'uta makombo chini, akaenda zake nyumbani. Paulo akabaki pale kando ya barabara, jua la Kirumba likianza kuwa kali mgongoni.